Ufa Nilioushona

Ipoh, 3 Julai 2023

Ah Kuen mwanangu,

Natumai u mzima huko Kuching na unakula. Mimi sijambo, ila magoti yanalalamika kila mvua ikikaribia.

Nina habari njema. Unakumbuka manispaa walivyotutisha kwamba pango letu la Mama wa Huruma litafungwa mpaka lile jiwe lililoning'inia juu yake lipimwe? Basi limepimwa. Walikuja vijana na droni, ikazunguka mlimani siku mbili ikipiga picha kila pembe. Picha zikaenda kwa watu wa kompyuta, wakalijenga jiwe zima humo ndani, wakampa Injinia Selvarajah. Naye kachunguza, kaandika cheti: hakuna ufa wa kutisha, ibada ziendelee. Mwenyekiti Lau amekitia kwenye fremu pamoja na picha ya jiwe. Laini kama yai. Nimefagia chini ya jiwe hilo miaka thelathini na minane, sikujua ni zuri hivyo.

Kwa hiyo sikukuu ya Mama, tarehe 5 Agosti, tunaifanyia ndani, chini ya jiwe, kama zamani. Meza thelathini na mbili, watu kumi kila meza. Tofu nimeshaagiza, na yule mpishi wa uyoga amekubali baada ya kujivuta kama bibi harusi.

Sasa wewe, kwa kuwa riziki yako ni hizo picha za kompyuta, nitafutie picha moja nzuri ya pango, yenye rangi zake, tuichape kwenye kitambaa cha langoni. Nijibu kwa barua, kwa mwandiko wako. Simu sina na sitaki. Tangu yule tapeli anipigie akilia kwa sauti yako kwamba umekamatwa na polisi, mimi na simu basi.

Shangazi yako,
Foong Sau Yin


Kuching, 10 Julai 2023

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika. Picha bado, nitakutumia.

Nina ombi, na nakusihi usilichukulie kwa mzaha. Mwaka huu sikukuu ifanyieni nje, kwenye uwanja wa kuegesha magari. Kodisheni mahema. Nimeota ndoto mbaya. Nimeota jiwe linashuka polepole na watu wanaendelea kula, hakuna anayeinua macho. Tangu nilipoiota sipati usingizi.

Halafu, Shangazi, nyuma ya madhabahu, upande wa kengele, kuna kiraka cha kijivu mwambani, kirefu kama ngazi. Ni cha nini?

Tafadhali nijibu upesi.

Mpwa wako,
Wai Kuen


Ipoh, 15 Julai 2023

Ah Kuen,

Ulikula nini kabla ya kulala? Mama yako, Mungu amrehemu, alipokuwa na mimba yako aliota majabali kila siku. Kama kuna jambo la kuniambia, niambie, sitakuuma. Kama ni yule kijana wa Miri, mlete nimwone meno.

Ndoto yako hata hivyo sikuidharau. Nilipiga magoti mbele ya Mama nikarusha vibao viwili vya kumwulizia. Mara tatu nilirusha, na mara tatu kimoja kikalala chali na kingine kifudifudi. Mama amesema ndiyo, karamu na iwe. Wewe na Mama nani mkubwa?

Mahema tulikodi mwaka ule wa korona, yakavuja, supu ikawa maji ya mvua. Wazee wengine wameniambia wanataka kula chini ya jiwe mara moja tena kabla hawajafa. Utawanyima?

Kiraka sikijui. Mwamba ni wa kijivu, ulitaka uwe wa waridi? Tena umekionaje wewe, ambaye hujakanyaga hapa miaka sita?

Picha naisubiri.

Shangazi yako,
Sau Yin


Kuching, 20 Julai 2023

Shangazi,

Hapakuwa na ndoto. Nisamehe. Nilidhani ndoto utaisikiliza kuliko kompyuta.

Ukweli ni huu. Nilipotafuta ile picha yako yenye rangi, nilipata kuona faili la kwanza kabisa, lile lililotoka kwenye droni kabla halijafika kwa injinia. Kwenye faili hilo jiwe si laini kama yai. Lina ufa. Unaanzia kwenye mizizi ya mtini ulioota juu, unapita dari lote la pango, unashuka mpaka nyuma ya madhabahu, na hapo unaishia ghafla kwenye kile kiraka. Nimeupima: mita kumi na tisa. Kwenye jiwe alilopewa injinia, ufa huo haupo. Kuna mtu hapo katikati alikosea.

Jana nilimpigia Letchumi, jirani yako muuza maua, nikamwomba akupe simu. Nilikusikia kwa mbali ukisema, "Mwambie huyo tapeli akome." Shangazi, yule alikuwa mimi.

Msiingie tena chini ya jiwe. Wewe nawe usifagie humo. Zimebaki siku kumi na sita.

Mpwa wako,
Wai Kuen


Ipoh, 25 Julai 2023

Wai Kuen,

Kwa hiyo ulinidanganya kwa ndoto, na mimi nikamsumbua Mama kwa ajili ya uongo wako. Aibu hiyo nitaipeleka wapi?

Barua yako nimemsomea Lau. Akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Kasema, "Injinia kasoma miaka kumi, huyu anachora viti." Cheti kina muhuri. Barua yako ina nini?

Kuhusu Letchumi, ndiyo, nilikataa. Sauti ya mtu siku hizi inatengenezwa kama tambi. Mwandiko wako naujua, nilikushika mkono ukiuanza.

Wewe unaona ufa kwa kompyuta, mimi niko hapa kwa macho yangu na sioni dalili yoyote. Pango limekuwa safi kuliko zamani. Hata popo wamehama wote tangu mwezi wa tano, Mama katupunguzia kazi ya kufagia mavi yao. Ni changarawe tu, asubuhi nakuta changarawe kwenye chungu cha udi, nadhani ni watoto wa shule wanarusha.

Unasema kuna mtu alikosea. Nani? Mtaje. Mtu asiyetajwa jina ni uvumi, na kwa uvumi sitawafukuza watu mia tatu kwenye karamu yao.

Shangazi yako


Kuching, 28 Julai 2023 (kwa posta ya haraka)

Shangazi,

Aliyekosea ni mimi.

Nimekaa na sentensi hiyo wiki tatu. Sasa nimeiandika, na mengine nitayaandika haraka kabla sijaogopa tena.

Programu za kuchora hazielewani. Kila moja ina aina yake ya faili, na la hii halifunguki kwenye ile. Wenye droni wana programu yao, injinia ana yake, na duka letu ndilo linalohamisha kutoka huku kwenda kule. Faili la mlima wako lilipokuja nililitambua kabla sijasoma jina. Nikamwomba Bwana Teoh, mwenye duka, anipe mimi. Nilipolifungua mara ya kwanza jiwe lilikuwa limelala chali na sanamu ya Mama imelala nalo, maana programu moja huita juu kile ambacho nyingine huita mbele. Nilicheka, nikalisimamisha. Hayo ndiyo makosa tunayoyajua na tunayaangalia.

Lakini sisi kazi yetu ni viti, midoli na nyumba za filamu. Kiti chenye mwanya mteja anakirudisha. Kwa hiyo tuna desturi: kabla ya kutuma, unashona. Unaiambia programu, nukta zote zilizo karibu kuliko sentimita tano ziunganishe, na tundu lolote lizibe. Kwetu mwanya ni uchafu uliotokana na picha, si kitu cha kweli. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna kazi ambayo mwanya ndio kitu chenyewe kinachotafutwa.

Ufa wako hauna sentimita tano, Shangazi. Pale ulipo mpana zaidi una nne na nusu. Programu iliniandikia: mianya 214 imezibwa. Mafaili ya wateja wengine hushona mara moja na kutuma. Hili nililirudia mara tatu, nikalisugua, kwa sababu lilikuwa jiwe lako na nilitaka lipendeze. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeuziba, na ndiyo dhambi yangu.

Nilipogundua, tarehe 9, nilimwambia Bwana Teoh. Akasema mteja ameridhika, cheti kimetoka, ukiamsha hili utatufungisha sote. Nikanyamaza. Nikakuandikia ndoto. Injinia sijamwambia mpaka leo, kwa woga tu.

Changarawe si watoto wa shule. Na popo, Shangazi, wamekwenda wapi? Wameishi humo kabla ya babu yetu kushuka melini.

Ondokeni chini ya jiwe hilo.

Wai Kuen


Ipoh, 31 Julai 2023 (kwa posta ya haraka)

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimekaa barabarani, kwenye benchi la Letchumi. Sikuweza kuisomea ndani.

Kiraka nakijua. Nilikipaka mwenyewe.

Mwaka 2017 niliona mstari nyuma ya madhabahu. Nikachukua kijiti cha udi nikajaribu, kikaingia kimoja, kwa kusukuma. Kila mwaka mpya nikawa najaribu. Viwili. Vitatu. Vilipofika vinne manispaa wakaanza maneno ya kufunga mapango. Nikanunua saruji, nikapanda ngazi na magoti yangu haya, nikaziba mpaka mkono ulipofika, nikapaka rangi ya kijivu. Droni ilipokuja nilikuwa nimekwisha kupaka mara ya pili. Nilijiambia kwamba wenye droni wataona ya juu wenyewe, na wasipoona basi hakuna kitu. Cheti kilipotoka nililia kwa furaha. Nilidhani Mama ameliponya jiwe.

Na vile vibao, mwanangu, sikumwuliza Mama kama jiwe litaanguka. Nilimwuliza kama karamu itakuwa nzuri. Nilijua ninachokwepa.

Leo asubuhi nimeingia mara moja, nimepanda ngazi. Saruji yangu imepasuka katikati. Vijiti saba vimeingia na nafasi ikabaki. Nilipokuwa juu ya ngazi nikasikia mlio mdogo ndani ya mwamba, kama mtu anayevunja karanga. Sikumbuki nilivyoshuka.

Sasa nisikilize. Nikimwambia Lau mimi peke yangu, atasema bibi amechanganyikiwa. Meza zimeshapangwa, wapishi wamefika. Niandikie barua ya kusomwa mbele ya watu, yenye jina lako lote na kosa lako lote. Najua ninachokuomba. Ukishaiandika hakuna duka litakalokuajiri. Ningekuwa na njia nyingine nisingekuomba.

Ifike kabla ya tarehe 5.

Shangazi yako,
Sau Yin


Kuching, 2 Agosti 2023 (kwa posta ya haraka)

Kwa Kamati na waumini wote wa Pango la Mama wa Huruma, Ipoh

Mimi, Foong Wai Kuen, mtoto wa marehemu Foong Yoke Seng aliyekuwa fundi baiskeli wa mtaa wenu, ndiye niliyehamisha faili la jiwe kutoka programu ya wapiga picha kwenda programu ya injinia. Katika kulihamisha, nilifuta ufa wa mita kumi na tisa ulio juu ya vichwa vyenu. Sikukusudia, lakini nilifuta, na nilipojua nilinyamaza wiki tatu. Injinia Selvarajah hakukosea. Alipima jiwe ambalo halipo. Cheti kilicho kwenye fremu ni cha jiwe nililolitengeneza mimi. Nimeambatanisha picha mbili, ya kabla na ya baada. Nawaomba msile chini yake.

Foong Wai Kuen

Shangazi, hii ya chini ni yako, usiisome hadharani. Leo saa tatu nilimpigia injinia. Nilimweleza yote. Kisha akasema, "Nitumie la kwanza. Sasa hivi." Nikamtumia. Saa tano Bwana Teoh akaniambia nikusanye vitu vyangu. Nina kikombe changu, sweta na mmea, niko kituo cha basi. Siogopi tena kufukuzwa kazi. Ninachoogopa ni Jumamosi.

Wai Kuen


Ipoh, 6 Agosti 2023

Ah Kuen,

Hawakula chini ya jiwe. Nakuandikia hilo kwanza upumue.

Barua yako ilifika Ijumaa mchana. Nilisimama langoni Jumamosi asubuhi, nikafunga mnyororo, nikaisoma. Nikamaliza, nikasoma na yangu, ya saruji na vijiti. Lau alisema, "Shangazi na mpwa wake, mmoja kaziba ufa kwa mwiko, mwingine kwa kompyuta, leo wote wanaufungua kwa mdomo." Watu wakacheka. Mwingine akasema nimelipwa na manispaa. Mama Chan, niliyemwosha mama yake alipokufa, alitema mate karibu na kiatu changu. Nilishika mnyororo kwa mikono miwili, sikubanduka.

Saa nne injinia akaja mwenyewe kutoka Kuala Lumpur, uso umemshuka. Hakusema mengi. Aliingia ofisini kwa Lau, akaitoa ile fremu ukutani, akaitia kwapani akaondoka nayo. Hapo ndipo watu walipoanza kubeba meza kwenda uwanjani. Mvua ikanyesha kama kawaida na supu ikawa maji.

Nilimwuliza injinia litaanguka lini. Akasema inaweza kuwa kesho, inaweza kuwa baada ya miaka thelathini, lazima watege vyombo vya kupima kama ufa unapanuka. Nikarudi kwa watu na jibu hilo. Ungewaona walivyonitazama.

Una hakika, mwanangu? Mimi nilikuwa na hakika juu ya ngazi. Leo jua limewaka, jiwe limetulia, na nina shaka.

Shangazi yako


Kuching, 12 Agosti 2023

Shangazi,

Hapana, sina hakika. Nina hakika ufa upo, na kwamba niliuficha. Zaidi ya hapo sijui kitu, na sitaki kukudanganya tena ili ufarijike.

Nafunga chumba changu. Kuna ndege ya tarehe 26. Nitakaa nawe langoni mpaka vyombo vitegwe. Kazi nitatafuta huko, hata ya kuuza maua na Letchumi.

Vumilia. Usiingie, hata kumwashia Mama udi. Mwashie barabarani, atauona moshi.

Wai Kuen


Ipoh, 19 Agosti 2023

Mwanangu Kuen,

Wiki mbili sasa. Halijaanguka.

Kila asubuhi nafungua kiti changu langoni. Wazee wanapita na maua yao, wananitazama, wanageuka. Mzee Yip alikuja na kigari chake, akaniomba aingie dakika tano tu, ni siku ya kifo cha mkewe na mtungi wa majivu yake uko ndani. Nikamkatalia. Alilia mbele yangu, mtu wa miaka themanini na sita. Jioni ile Lau akaniambia kamati itapiga kura ya kufungua, kwa kuwa jiwe limeonyesha lenyewe kwamba halina neno. Ufunguo wanautaka Jumatatu. Nimewaambia waje wauchukue shingoni mwangu.

Wewe umeniambia kweli na mimi nitakuambia yangu, halafu tusiyazungumze tena. Leo alfajiri nimeketi hapa peke yangu, ukungu umefunika mlima. Nikaanza sala kama siku zote. Nikasikia maneno yanayotoka mdomoni mwangu. Nilikuwa nasema, liangushe. Liangushe leo, Mama, kabla ya Jumatatu, wote waone sikuwa mwongo, mtoto wangu aonekane si mjinga. Miaka thelathini na minane nimemwomba alishike jiwe lile, na leo nimemwomba aliachie.

Humo ndani kuna sanamu yake, na mke wa Yip, na majina ya wafu elfu moja na zaidi. Sikuwajali. Nilitaka tu kushinda.

Nilinyamaza nikasikiliza. Kule juu, ndani ya ukungu, palikuwa kimya, na moyo wangu ulidunda kwa tamaa, Kuen, si kwa hofu. Hofu ilikuja baadaye, na haikuwa ya jiwe.

Usingoje tarehe 26. Njoo mapema, tukae wawili. Mtu mwenye moyo kama wangu wa leo asiachwe langoni peke yake.

Shangazi yako,
Foong Sau Yin